Ni 'pago' au 'pagó'? Kata silabi kwanza, kukariri vitenzi kutakuja

Nilikosa kazi kwa sababu ya silabi moja. Na si kwamba niliisahau. Silabi zote zilikuwepo, nilizitaja moja baada ya nyingine, ila mkazo niliuweka mahali si pake.

Ilikuwa kampuni moja hapa Nairobi inayopokea simu za wateja wa ng'ambo. Walikuwa wanatafuta watu wa Kihispania, na tangazo halikuuliza digrii. Wewe unayesoma hii, kama uliwahi kuacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilikataa kujilipa, unajua tangazo la aina hiyo linavyofanya moyo uruke. Nilikuwa na miezi 14 ya Kihispania cha kujifunzia kwa simu: programu ya bure, video za usiku data ikiwa bei nafuu, na majedwali ya vitenzi niliyoyabandika ukutani juu ya kitanda. Majedwali hayo niliyajua hadi ndotoni.

Usaili ukafanyika kwa simu. Mama wa upande wa pili, mpole kabisa, akanipa kisa kifupi nikieleze kwa Kihispania: mteja alilipa Jumatatu, lakini mhudumu hakutuma risiti. Rahisi, si ndio? Nikafyatua: "El cliente pago el lunes, pero el agente no envio el recibo." Nikatulia nikingoja sifa.

Kimya. Halafu akauliza, "¿Quién paga? ¿Usted?" Yaani, nani analipa, ni wewe?

Nikacheka nikidhani ni utani. Haukuwa. Nilichokuwa nimemwambia, ukikileta kwa Kiswahili, ni hiki: "Mteja ninalipa Jumatatu, lakini mhudumu situmi risiti." Hebu fikiria umepiga simu kuulizia pesa zako zilizopotea, na anayekujibu anaongea hivyo. Ungemwamini? Sikuitwa tena, na siwalaumu.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja, na najua kuna wasee watanipinga. Kama wewe ni Mkenya unayejifunza Kihispania, usikariri jedwali lolote la vitenzi kabla hujaweza kukikata kitenzi silabi kwa silabi na kuonyesha kwa kidole silabi inayobeba mkazo. Programu nilizotumia mimi zilianza na jedwali, mkazo ukaja baadaye kama mapambo ya keki. Lakini mkazo wa kitenzi cha Kihispania unafanya kazi ile ile inayofanywa na ni- na a- zetu. Ukiukosea, umekosea mtu.

Cheki tunavyofanya sisi. Ninatuma, anatuma, nilituma, alituma. Nani, na lini: yote yako mbele ya kitenzi, kwa viambishi ambavyo hata mtoto wa chekechea havimchanganyi. Kihispania kimeiweka habari hiyo nyuma, kwenye mkia wa kitenzi, na mara nyingi "mimi" au "yeye" haitajwi kabisa. Sasa chukua enviar, kutuma. Envío ni "ninatuma". Envió ni "alituma". Herufi ni zile zile tano, kwa mpangilio ule ule. Kinachomtenga mimi na yeye, leo na jana, ni mahali mkazo ulipo: en-VÍ-o, en-VIÓ. Pago, PA-go, ninalipa. Pagó, pa-GÓ, alilipa. Hablo, HA-blo, ninasema. Habló, ha-BLÓ, alisema (hiyo h ni bubu, usiitamke). Compro, compró. Llamo, llamó. Trabajo, trabajó. Vitenzi vingi vya Kihispania huishia -ar, na kila kimoja kilicho cha kawaida kina mtego huu ndani yake.

Na hapo bado. Hable ni "aseme", hablé ni "nilisema". Llamará, lla-ma-RÁ, ni "atapiga simu". Llamara, lla-MA-ra, ni ya masharti na matamanio, kama "angepiga simu". Sasa wewe umeketi na kipaza sauti kichwani, umemwahidi mteja aliyekasirika kwamba meneja atampigia, halafu mkazo unateleza hatua moja nyuma. Umemwambia meneja angempigia. Angempigia kama nini? Kama angekuwa mtu wa maana?

Kuna msemo ambao nimeusikia kwa karibu kila Mkenya aliyewahi kugusa lugha hii: "Kihispania ni kama Kiswahili tu, kinasomwa kilivyoandikwa." Nami niliusema, tena kwa majigambo, na ndio ulioniponza. Shida yake ni kwamba una ukweli nusu, na nusu hiyo ni tamu. Irabu ni zile zetu tano. Hakuna yale mafumbo ya Kiingereza ya kuandika hivi na kutamka vile. Silabi nyingi huishia kwa irabu. Kuna hata neno ambalo ni moja kabisa mdomoni: leo. Kwao ni "ninasoma", kwetu ni siku ya leo, na pande zote mbili ni LE-o. Pica ni "inawasha", lakini ukiitamka vizuri mama mboga atajua unataka kupika. Na ukisikia "¿cuánto pesa?" sokoni, usitoe doh, umeulizwa kitu kina uzito gani.

Nusu iliyobaki ndiyo yenye meno. Kiswahili kimetulea na mpigo mmoja wa ngoma: neno liwe refu namna gani, mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. SO-ma. So-ME-sha. So-me-SHA-na. Hatufikirii, mdomo unajiendesha. Shuleni tulifundishwa shadda kwa sababu ya maneno machache yanayoleta ubishi, ile barabara ya magari, ba-ra-BA-ra, na ile barabara ya "sawasawa", ba-RA-ba-ra. Swali linakuja kwenye karatasi ya pili ya Kiswahili, unapata alama zako, unasahau. Mimi nilisahau kabla ya kutoka kwenye chumba cha mtihani. Kwa hivyo mdomo wa Mkenya ukikutana na pagó unafanya kile unachojua. Umeona silabi mbili, unapiga ya kwanza. Kile kistari juu ya o haukioni.

Na kistari hicho, wenyewe hukiita tilde, ndicho kila kitu. Sheria yake inatosha nyuma ya tikiti ya mechi. Neno likiishia kwa irabu, au n, au s, mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: HA-blan, ha-BLA-mos. Likiishia kwa konsonanti nyingine yoyote, mkazo uko kwenye silabi ya mwisho, ndiyo maana kila kitenzi kikiwa hakijanyambuliwa hupigwa mwishoni: ha-BLAR, co-MER, vi-VIR. Neno likitaka kwenda kinyume cha hapo, linaandikiwa kistari pale mkazo ulipo. Basi, imeisha. Maana yake ni kwamba kistari kinapatikana mahali ambapo mazoea yatakudanganya, na mtu aliyelelewa kwa Kiswahili ana mazoea mazito kuliko wengine.

(Usitegemee kukiona kila mahali, lakini. Kwenye ujumbe wa simu wenyewe huwa wanakiacha kwa uvivu, kama sisi tunavyoandika "cjui". Wao wana sikio la kuwaokoa. Wewe bado.)

Sasa, huwezi kuhesabu silabi ya pili kutoka mwisho kama hujui silabi inaanzia wapi na kuishia wapi. Hapa ndipo kukata kunapoingia, na hapa ndipo wengi huniambia, "Si hiyo ni kazi ya darasa la nne?" Sawa. Nikate cantando, "kuimba" ikiwa inaendelea. Mkenya atakata ca-nta-ndo, kwa sababu kwetu ni pe-nda, ka-mba, o-nge-za: mb, nd na ng huingia pamoja kwenye silabi moja. Kihispania kinaipasua katikati: can-tan-do, ven-der, cam-biar. Hili halitakunyima kazi, nalipita upesi. Vilevile l na r zikifuata konsonanti kama b, p, t, c au g hazitengwi nayo: ha-blar, com-prar, en-trar, a-brir. Ch, ll na rr ni kitu kimoja: e-char, lla-mar, co-rrer. Na s ikitangulia konsonanti nyingine hubaki na irabu iliyo nyuma yake: es-pe-rar, es-cri-bir.

Irabu zinazofuatana, maze, hapo ndipo palipo na kazi. Kiswahili hakina ubaguzi: kila irabu ni silabi yake. Chu-o. Ki-a-tu. Ma-u-a. Ki-o-o. Kihispania kina tabaka. A, e na o ni wakubwa, i na u ni wadogo. Wakubwa wawili hawakai nyumba moja: le-er, ca-er, cre-o, na ile leo yetu. Mdogo akikutana na mkubwa, anahamia kwake, na wawili wanakuwa silabi moja: tie-ne, pien-so, pue-do, es-tu-dio. Isipokuwa mdogo mwenyewe akibeba mkazo. Hapo anapewa kistari na nyumba yake: co-mí-a, o-ír, en-ví-o.

Mkenya akisoma tiene anasema ti-e-ne, silabi tatu. Nilisema hivyo kwa mwaka mzima, hakuna programu iliyonirekebisha. Kilichoniokoa ni viyeyusho. Unavikumbuka? W na y, zile sauti ambazo mwalimu alisema si irabu na si konsonanti kamili. Tuna pwani, tuna vyema, tuna mwezi. Hatusemi pu-a-ni. Basi nikaanza kuandika Kihispania kwenye daftari langu kwa macho ya Kiswahili: tye-ne, pyen-so, pwe-do, es-TU-dyo kwa estudio, ninasoma, na es-tu-DYO kwa estudió, alisoma. Ni mbaya kwa macho, mwalimu wa Kihispania angezimia. Lakini mdomo ulielewa siku hiyo hiyo.

Na ndipo nilipojua kosa langu la simuni lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Nilisema mwanzoni kwamba silabi zote zilikuwepo. Kwa pagó ni kweli. Kwa envió moja ilizidi. V yao hutamkwa kama b, kwa hivyo envió ni en-BYO, silabi mbili. Mimi nilisema en-BI-o, tatu, ambayo ni envío, "ninatuma". Nilikuwa nimeongeza silabi nzima isiyoitwa na kubadilisha mtu kwa wakati mmoja. Kuna jozi nyingine kama hiyo: hacia ni "kuelekea", silabi mbili, na hacía ni "alikuwa akifanya", silabi tatu. Sabia ni "mwenye hekima" akiwa mwanamke, sabía ni "alijua". Ukikata vibaya, mkazo hauna pa kukaa.

Vile vifupi visikutishe. Dio, alitoa. Vio, aliona. Fue, alikwenda au alikuwa. Ni silabi moja, mkazo hauna pengine pa kwenda, kwa hivyo havina kistari. Ukipata kitabu cha zamani kimeandikwa fué na dió, si kosa la kiwanda. Real Academia Española, wazee wanaosimamia tahajia ya lugha hiyo, walikiondoa kistari hicho miaka ya 1950.

Kuna jambo moja ambapo Kiswahili na Kihispania hugeukiana mgongo kabisa, na hakuna aliyewahi kuniambia. Sisi tukiongeza mkia kwenye neno, mkazo unakimbilia mkia. NYU-mba, nyu-MBA-ni. Si-MA-ma, si-ma-ME-ni. Kihispania kikiongeza mkia kwenye kitenzi, mkazo unakataa kuhama. Diga, DI-ga, "sema" ya heshima. Dígame, DÍ-ga-me, "niambie". Dígamelo, DÍ-ga-me-lo, "niambie hilo". Kichwa kiko palepale na mkia unarefuka. Kistari kinatokea kwa sababu hiyo tu, kukuambia kwamba mkazo haujasogea hata kama neno limesogea. Kwa mtu anayetafuta kazi ya simu, dígame ni neno la lazima, maana Uhispania watu wengi hupokelea simu kwa neno hilo hilo. Mimi nilikuwa nikisema di-GA-me, kama msee wa Kayole anayeita jina la kijiji.

Sasa nikupe sababu iliyonifanya nione kwamba huu mkazo si adhabu. Unavijua vile vitenzi vinavyoitwa "si vya kawaida"? Vile vinavyobadilika katikati bila kukuuliza? Poder, kuweza: puedo, puedes, puede, podemos, pueden. Niliwahi kuviandika kwa wino mwekundu, nikavichukia kimoja kimoja. Kwa nini podemos irudi kuwa na o wakati wenzake wote wana ue? Jedwali halisemi. Jedwali linasema kariri.

Kata, weka mkazo, uone. PUE-do. PUE-des. PUE-de. Po-DE-mos. PUE-den. Umeona? Mkazo ukikanyaga ile o, inapasuka kuwa ue. Mkazo ukihamia kwingine, o inapumua na kurudi ilivyokuwa. E nayo hupasuka kuwa ie: PIEN-so lakini pen-SA-mos, QUIE-ro lakini que-RE-mos. DUER-mo lakini dor-MI-mos. Si kila o na e hufanya hivi. Correr, kukimbia, ni CO-rro bila wasiwasi, kwa sababu o yake ilikuwa u kwenye Kilatini, na iliyopasuka ni o fupi ya Kilatini iliyokuwa chini ya mkazo. Kwa hivyo bado kuna orodha ya kujua ni kitenzi gani kimo. Lakini ukishajua kimo, hukariri tena umbo tano tano. Unapiga kofi, kofi linakuambia.

Kama huamini, waulize Waajentina. Wao mtu wa kumwambia "wewe" hawamwiti tú, humwita vos, na kitenzi cha vos hubeba mkazo mwishoni. Tú puedes, PUE-des, wao ni vos podés, po-DÉS. Mkazo umetoka kwenye o, na o imebaki nzima. Tú tienes, vos tenés. Tú quieres, vos querés. Nilipoliona hilo nilisimama katikati ya barabara ya Outering kama mtu aliyepigwa na shoti.

Na hili ulishawahi kulisikia kwa masikio yako, hata kama hukujua ulichosikia. Desemba 2022, Kombe la Dunia kule Qatar, Argentina wamewatoa Uholanzi kwa penalti baada ya Wout Weghorst kusawazisha mabao mawili. Messi yuko kwenye mahojiano, anageuka upande, anafoka: "¿Qué mirás, bobo? Andá pa' allá." Unaangalia nini, mjinga wewe? Nenda kule. Ikasambaa dunia nzima, ikachapishwa kwenye fulana na vikombe. Irudie polepole sasa: mi-RÁS, an-DÁ. Mtu wa Madrid angesema MI-ras, AN-da. Ile hasira yote ilikuwa na mkazo wa vos. Wengi mtaani kwetu waliiga maneno hayo wiki nzima, na wote walisema MI-ras. Tulikuwa tumemhamisha Messi kutoka Rosario hadi Madrid bila ada ya uhamisho.

Kuna rafiki yangu ambaye tulianza naye Kihispania, na huwa ananijibu hivi: "Jo, unataka tuongee kama wazungu? Lafudhi yetu ni yetu." Nakubaliana naye kwa lafudhi. R yako ikiwa ya Kisumu au ya Nyeri, ni sawa. Wa Madrid hutamka c na z kwa ulimi katikati ya meno, wa Bogotá hutamka s, wa Buenos Aires ll yao inasikika kama sh, na Malabo, kwa Waafrika wenzetu wa Guinea ya Ikweta ambako Kihispania ni lugha rasmi, wana lafudhi yao. Wote hao wakilipiwa deni jana, watasema pa-GÓ. Lafudhi ni nguo. Mkazo wa kitenzi ni sarufi, na hakuna anayekuja mjini bila sarufi kwa sababu ya fahari.

Hoja yake ya pili ina uzito zaidi: muktadha utakuokoa. Ni kweli, mara nyingine. Wenyewe wana hablamos, ha-BLA-mos, ambayo ni "tunasema" na pia "tulisema", na maisha yanaendelea. Ukiwa hotelini na unanyooshea kidole sahani, sema upendavyo, chakula kitakuja. Lakini kazi zinazotutafuta sisi tusio na vyeti ni za simu na za kunukuu sauti zilizorekodiwa. Huko hakuna sahani ya kunyooshea. Kuna sauti tu, na pesa za mtu, na swali la nani alifanya nini na lini. Ukinukuu "pago" mahali mteja alisema "pagó", umeandika kwamba mtu analipa ilhali amekwishalipa. Hiyo ni kesi.

Basi hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Majedwali niliyatoa ukutani, ukuta umebaki na alama za gundi. Kitenzi kipya nikikipata nachukua maumbo matano tu, naandika yakiwa yamekatwa, mkazo kwa herufi kubwa: lla-MAR, LLA-mo, lla-MA-mos, lla-MÓ, lla-ma-RÁ. Kisha nayapiga kofi kwenye paja, kofi zito pale mkazo ulipo. Matano hayo yanatosha kuonyesha mkazo unavyotembea. Kwenye wakati uliopo unakaa kwenye mzizi, ukifika "sisi" unasogea. Kwenye wakati uliopita, kwa yeye, unaruka mwishoni. Wakati ujao ndio ulionifurahisha zaidi, kwa sababu una historia: hablaré ni hablar na he, kitenzi kikuu na kisaidizi vilivyogandana zamani. Ile -é inapigwa kwa nguvu kwa sababu ilikuwa neno lenyewe. Ukijua hivyo, hutasahau ha-bla-RÁS, ha-bla-RÁ, ha-bla-RÁN. Hablaremos, ha-bla-RE-mos, haina kistari kwa sababu inatii sheria ya kawaida.

Mahali pazuri pa mazoezi ni ndani ya matatu. Makanga anapiga bodi ya gari kusimamisha na kuondoka, na mimi nimeketi nyuma napiga paja. Watu hunitazama. Dada mmoja aliwahi kuhama kiti. Mtoto wa jirani, wa darasa la tatu, ameshajua mchezo: mimi nasema HA-blo, yeye anajibu "mimi", nasema ha-BLÓ, anajibu "yeye". Hajui neno lingine lolote la Kihispania na hajawahi kukosea. Hajaona jedwali.

Alhamisi saa nne asubuhi nina usaili mwingine. Kampuni tofauti, simu ile ile yenye kioo kilichopasuka. Sentensi ya kwanza ya mazoezi nimeiandika kwa kalamu nyuma ya mkono, na natembea nayo tangu Jumapili: el CLIEN-te pa-GÓ el LU-nes, PE-ro el a-GEN-te no en-VIÓ el re-CI-bo.